Kulenga kwa Macho katika Mchezo wa Pulu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yameulizwa na wachezaji wa kila kiwango, kuanzia aliyeshika fimbo wiki iliyopita hadi anayewakilisha klabu yake. Majibu yanahusu kulenga tu, yaani namna macho yanavyoutafuta mstari na namna mwili unavyowekwa juu ya mstari huo. Mikakati ya mchezo, upangaji wa mipira na kanuni za mashindano ni mambo ya mahali pengine, isipokuwa pale yanapogusa kulenga moja kwa moja.

Mfumo wa kulenga ni nini, na kwa nini mchezaji auhitaji?

Mtu anayelenga kwa manati au bunduki hukitazama kile anachotaka kukipiga, akaelekeza silaha hukohuko. Mchezaji wa pulu hana bahati hiyo. Anataka mpira wa rangi uingie shimoni, lakini hagusi mpira wa rangi. Anagusa mpira mweupe, na mara nyingi mpira mweupe unatakiwa uelekee mahali pasipo na kitu chochote, pembeni kidogo ya ule wa rangi. Macho ya binadamu yamezoea kushika kitu, na hapa yanaambiwa yashike hewa. Mfumo wa kulenga ni utaratibu wa kuyapa macho kitu cha kushika, ili kila mara mchezaji akikutana na pembe ileile asimame palepale na kuelekeza fimbo vilevile.

Katika majibu yanayofuata, mstari wa shimo ni ule unaotoka katikati ya shimo na kupita katikati ya mpira wa rangi. Mstari wa kulenga ni njia ya katikati ya mpira mweupe. Pembe iliyo kati ya mistari hiyo miwili ndiyo pembe ya mkato, ile ambayo wachezaji huizungumzia wanaposema mpira huu ukatwe kidogo au ukatwe sana.

Naiona vizuri nukta ya mguso, naielekezea fimbo, lakini mpira hauingii. Kwa nini?

Hili ndilo kosa la kwanza la karibu kila anayeanza, na linastahili maelezo marefu kwa sababu halitokani na uzembe. Mchezaji ameambiwa, na ni kweli, kwamba mpira wa rangi huondoka kufuata mstari unaounganisha vitovu vya mipira miwili wakati wa kugongana. Kwa hiyo hulitafuta lile doa lililo upande wa nyuma wa mpira wa rangi, mkabala na shimo, kisha huelekeza katikati ya mpira mweupe kwenye doa hilo. Kosa liko katika hatua hiyo ya mwisho. Mpira mweupe si nukta. Una unene wake, na kabla katikati yake haijafika kwenye doa, ubavu wake unakuwa umekwisha kugonga mahali pengine, karibu zaidi na katikati ya mpira wa rangi.

Tuchukue mipira ya Kimarekani, ambayo kipenyo chake ni milimita 57.15, na tuseme mpira unatakiwa ukatwe kwa pembe ya nyuzi 30. Ukiutazama kutoka nyuma ya fimbo, doa la mguso liko milimita 14.3 pembeni ya katikati ya mpira wa rangi. Ukielekeza katikati ya mpira mweupe hapo, hesabu ya pembe inatoa mkato wa nyuzi 14.5 tu. Umekosea kwa zaidi ya nyuzi 15, na mpira utagonga ukingo mbali na shimo. Ili upate nyuzi 30, katikati ya mpira mweupe inatakiwa ielekee milimita 28.6 kutoka katikati ya mpira wa rangi, yaani kwenye ubavu wake kabisa.

Tazama namba hizo mbili: 14.3 na 28.6. Ya pili ni mara mbili ya ya kwanza, na uwiano huo ni wa kijiometri, unashika kwa kila pembe. Baadhi ya wachezaji wameufanya kuwa mfumo kamili: hupima kwa macho umbali kutoka katikati ya mpira wa rangi hadi doa la mguso, kisha huuongeza maradufu na kuelekeza fimbo hapo. Ni mfumo mwepesi kuuelewa, na kwa maoni yangu ndio ungefaa kufundishwa mapema zaidi, kwa sababu humwonyesha mwanafunzi sababu ya kosa lake wakati uleule anaolirekebisha.

Mpira wa kufikirika ni upi?

Ni mpira mweupe ambao haupo, unaouwazia ukiwa umegusana na mpira wa rangi kwenye mstari wa shimo, pale hasa ambapo mpira mweupe wa kweli utakuwa wakati wa kugongana. Wanaotumia Kiingereza huuita mpira mzimu. Ukishaupata, kazi inabaki kuupeleka mpira mweupe wa kweli uchukue nafasi ya ule wa kufikirika, katikati kwa katikati.

Kijiometri mfumo huu hauna dosari. Shida yake ni macho: si kila mtu anayeweza kuchora mpira mahali pasipo na mpira na kuushikilia hapo huku akiinama. Njia bora ya kuusaidia ubongo ni kupima kwa kitu halisi wakati wa mazoezi. Katikati ya mpira wa kufikirika iko umbali wa kipenyo kimoja kutoka katikati ya mpira wa rangi, yaani milimita 57 kwa mipira ya Kimarekani na karibu 51 kwa mipira ya inchi 2 inayotumika kwenye meza za Kiingereza. Kadi ya benki ina upana wa milimita 54, kwa hiyo ni fupi kwa milimita tatu tu kwa mipira ya Kimarekani, na ndefu kwa tatu kwa ile ya Kiingereza. Kata kipande cha boksi chenye urefu kamili wa kipenyo cha mipira yenu, kichongoe ncha, kilaze juu ya kitambaa kikianzia mahali mpira wa rangi unapokalia na kuelekea upande ulio kinyume na shimo. Ncha ya pili itakuonyesha pale mpira mweupe utakapokalia. Simama nyuma ya mpira mweupe, itazame ncha hiyo mpaka uizoee, kisha ondoa boksi na upige. Baada ya siku kadhaa jicho huanza kuiona ncha ambayo haipo.

Jambo moja la kuangalia kwenye meza za sarafu: baadhi yake hutumia mpira mweupe ulio mdogo kidogo kuliko ile mingine ili mashine iutambue na kuurudisha. Hapo umbali wa katikati hadi katikati hupungua. Ikiwa mipira ya rangi ni ya milimita 50.8 na mweupe ni wa 47.6, umbali unakuwa 49.2. Tofauti ni ndogo, lakini kwenye mikato myembamba, yaani ile ambayo mipira hugusana pembeni tu, inaonekana.

Kulenga kwa robo na nusu ni nini?

Ukiinama nyuma ya mpira mweupe na kuutazama wa rangi, unaweza kuwaza jinsi mmoja utakavyoufunika mwingine wakati wa kugongana, kama mwezi unavyolifunika jua wakati wa kupatwa. Ukiufunika wote, mpira wa rangi utakwenda mbele moja kwa moja. Ukiufunika robo tatu, utakatwa kwa nyuzi 14.5. Ukiufunika nusu, nyuzi 30. Robo inatoa karibu nyuzi 49, na thumni inatoa nyuzi 61.

Nusu ndiyo nguzo ya mfumo, kwa sababu katikati ya mpira mweupe inaelekea kwenye ubavu wa mpira wa rangi, na ubavu ni kitu kinachoonekana. Hakuna cha kuwaza. Kwa robo tatu, katikati ya mpira mweupe inaelekea nusu ya njia kati ya katikati ya mpira wa rangi na ubavu wake. Kwa robo na thumni, katikati ya mpira mweupe inaelekea nje ya mpira wa rangi, hewani, na hapo baadhi ya wachezaji huacha kutazama katikati ya mpira mweupe na badala yake hutumia ubavu wake: kwa robo, ubavu wa ndani wa mpira mweupe huelekea nusu ya njia kati ya ubavu wa mpira wa rangi na katikati yake.

Nitajuaje kwamba pembe iliyo mezani ni ya nusu na si ya robo tatu?

Tumia uso wa saa. Pembe iliyo kati ya saa sita na saa saba kwenye saa ya ukutani ni nyuzi 30 kamili. Simama nyuma ya mpira wa rangi kwa upande ulio mkabala na shimo, uone mstari wa shimo, kisha zunguka taratibu hadi nyuma ya mpira mweupe huku ukiwaza kwamba mpira wa rangi ndio kitovu cha saa. Kama mzunguko wako ni wa saa moja, hiyo ni nusu. Kama ni wa nusu saa, ni robo tatu. Kama umepita saa moja na nusu kidogo, ni robo. Kuzunguka huko kwa miguu si mapambo. Mchezaji anayesimama palepale nyuma ya fimbo na kukisia pembe kwa mbali hukosea zaidi, kwa sababu mstari wa shimo hauonekani vizuri kutoka pembeni.

Je, vipimo vinne au vitano vinatosha kwa mikato yote?

Havitoshi, na ni vizuri kusema hivyo waziwazi. Pembe za mikato hazina ngazi. Kati ya nusu na robo kuna karibu nyuzi 19, na mashimo hayana upana wa kumeza tofauti hiyo isipokuwa mpira ukiwa mdomoni mwa shimo. Anayelenga kwa sehemu hutumia vipimo hivyo kama vituo vya daladala: anajua vilipo, kisha anashuka kati ya kituo na kituo kulingana na mahali anapokwenda. Atasema, hii ni nene kidogo kuliko nusu, yaani mipira ifunikane zaidi kidogo, na hilo neno "kidogo" limejaa maelfu ya mipira aliyowahi kuipiga. Uzuri wa mfumo ni kwamba anaanzia karibu na ukweli, na kosa lake linakuwa dogo na la kurekebishika.

Mfumo wa mistari sambamba unafanyaje kazi?

Mpira wa rangi una doa la mguso, na mpira mweupe nao una lake, upande wa pili. Madoa hayo mawili ndiyo yatakayokutana. Chora kwa mawazo mstari kati yake, kisha sogeza mstari huo, bila kuupindisha, mpaka upite katikati ya mpira mweupe. Huo ndio mstari wa kulenga. Wenye jicho la fundi seremala huupenda. Wengine huona ni vigumu kulipata doa la mpira mweupe, kwa sababu liko upande wa mbele usioonekana ukiinama.

Vipi kuhusu mfumo wa katikati hadi ubavuni, ambao mchezaji huzungusha fimbo kabla ya kupiga? Ni kweli hauhitaji kukisia?

Mfumo huu ulienezwa na Mmarekani Hal Houle, na baadaye wengine wakauendeleza kwa majina na matawi mbalimbali. Kwa kifupi, mchezaji husimama na kuona mstari kutoka katikati ya mpira mweupe hadi ubavu wa mpira wa rangi, na wakati huohuo huona mstari wa pili kutoka ubavu wa mpira mweupe hadi alama fulani kwenye mpira wa rangi. Kutoka hapo huinama fimbo ikiwa pembeni kidogo ya katikati, kisha huizungusha mpaka ncha ifike katikati ya mpira mweupe. Wafuasi wake huutetea kwa moyo wote, na wengine kati yao ni wachezaji wazuri sana.

Ninauheshimu, lakini sikubaliani na dai kwamba hauhitaji makadirio. Alama zake ni chache na mizungusho yake ni michache, kwa hiyo ikifuatwa kama mashine ingetoa idadi ndogo ya pembe, wakati meza inadai pembe zisizo na idadi. Tena, mzungusho uleule hutoa matokeo tofauti mpira wa rangi ukiwa karibu na ukiwa mbali. Kama mipira inaingia, na inaingia, basi kuna kitu kinachojaza pengo, nacho ni jicho la mchezaji lililozoea, linalomfanya asimame milimita chache kushoto au kulia bila mwenyewe kujua. David Alciatore, mhandisi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado ambaye ameandika mengi juu ya fizikia ya mchezo huu, amefikia hitimisho la namna hiyo kuhusu mifumo ya kuzungusha fimbo.

Hata hivyo kuna faida ya kweli ndani yake, na nisingependa mtu aidharau. Mfumo humlazimisha mchezaji aanze kulenga akiwa amesimama wima, atazame vitu vinavyoonekana, na aingie kwenye mkao kwa njia ileile kila mara. Wengi waliosema mfumo huo umebadilisha mchezo wao walikuwa wamepata kwa mara ya kwanza utaratibu thabiti wa kabla ya kupiga. Mtu akipata utaratibu huo kwa njia nyingine, faida inakuwa ileile.

Usahihi unaohitajika ni wa kiasi gani?

Tufanye hesabu moja. Shimo la kona la meza ya mashindano lina mdomo wa takribani sentimita 11.5. Mpira una sentimita 5.7. Ukitaka uingie bila kugusa kingo za mdomo, una nafasi ya karibu sentimita 2.9 kila upande. Mpira wa rangi ukiwa mita moja kutoka shimoni, hiyo ni kama nyuzi 1.65 kila upande. Rudisha pembe hiyo mpaka mahali pa kugongana: kwa mpira ulionyooka, katikati ya mpira mweupe inaruhusiwa kukosea kwa milimita 1.65, pungufu ya unene wa njiti ya kiberiti. Kwa mkato wa nyuzi 60, nafasi inashuka hadi milimita 0.8 hivi.

Ninalitaja hili kwa sababu wachezaji wengi hukata tamaa haraka wakidhani hawana kipaji. Kazi yenyewe ni ngumu. Pia linaonyesha kwa nini mtu anaweza kuwa na mfumo sahihi kabisa wa kulenga na bado akakosa: mkono ukiyumba kidogo tu wakati wa kupeleka fimbo, zile milimita zimekwisha.

Nimelenga sawasawa, mkono umenyooka, lakini mpira unakosa kila mara upande wa unene. Tatizo ni nini?

Inawezekana kabisa kwamba hukukosea kulenga. Jiometri yote iliyoelezwa hapo juu inachukulia kwamba mipira haikwaruzani, na mipira hukwaruzana. Wakati wa mkato, uso wa mpira mweupe huteleza kwenye uso wa mpira wa rangi na kuuvuta kidogo kuelekea uendako wenyewe. Matokeo yake ni kwamba mpira wa rangi huondoka kana kwamba umekatwa kidogo kuliko ulivyokatwa. Mvuto huu huwa mkubwa zaidi katika mikato ya karibu na nusu mpira, ukipiga polepole, na mpira mweupe ukifika ukiwa unateleza bila kuviringika mbele wala nyuma. Katika hali hiyo unaweza kufika kama nyuzi 5. Linganisha na zile nyuzi 1.65 za jibu lililotangulia, utaona kwamba mpira unaweza kukosa shimo hata kama umelenga bila kosa.

Mambo matatu huupunguza: kupiga kwa kasi zaidi, kuuacha mpira mweupe uviringike kabla haujafika, na kuupa spini kidogo (mzunguko unaotokana na kuugonga pembeni) ya upande wa nje wa mkato, ambayo hufanya nyuso mbili zisuguane kidogo zinapokutana. Usafi nao una nafasi yake. Mipira iliyojaa chaki na jasho la mikono huvutana zaidi kuliko iliyofutwa. Kwenye baa ambako mipira haijaoshwa tangu ilipoletwa, mchezaji aliyetoka klabu yenye mipira inayong'aa atapiga nene mchana kutwa na kulaumu macho yake. Niliwahi kushinda saa nzima nikibadilisha mkao kwa sababu hiyo, mpaka mzee aliyekuwa anasubiri zamu akachukua kitambaa chenye unyevu, akafuta mpira mmoja mmoja, akaniambia nipige tena mkato uleule. Uliingia.

Kwa vitendo, njia ya salama ni kulenga nyembamba kidogo kuliko jiometri inavyosema kila unapopiga polepole bila mviringiko. Kiasi gani, meza itakwambia katika mipira mitano ya kwanza.

Spini ya pembeni hubadilisha vipi kulenga?

Hubadilisha kwa njia tatu kwa pamoja. Kwanza, ukigonga mpira mweupe upande wa kulia, wenyewe huondoka kidogo kushoto mwa mwelekeo wa fimbo, na kinyume chake. Pili, kwa kuwa fimbo huwa imeinuka kidogo nyuma, mpira hupinda taratibu kurudi upande wa spini, na hupinda zaidi ukipigwa polepole na ukienda mbali. Tatu, spini huusukuma mpira wa rangi wakati wa mguso. Mambo hayo matatu huongezana au hupunguzana kulingana na kasi, umbali, kitambaa na aina ya fimbo. Mfaransa Gaspard-Gustave Coriolis aliandika kitabu kizima cha hisabati kuhusu mwendo na mizunguko ya mipira ya biliadi mwaka 1835, na bado mkono unapaswa kujifunza wenyewe.

Ushauri wangu kwa anayejifunza mfumo wowote wa kulenga ni kupiga katikati ya mpira mweupe tu kwa miezi ya mwanzo. Ukianza na spini, hutajua kama ulikosea mstari au spini ndiyo iliyokukosesha, na huwezi kurekebisha kosa usilolijua.

Fimbo iwe chini ya jicho gani?

Watu wengi wana jicho moja linaloongoza. Kulijua, nyosha mikono, kutanisha viganja uache tundu dogo, na utazame kupitia tundu hilo kitu kilicho mbali kwa macho yote mawili. Fumba jicho moja, kisha jingine. Jicho linaloendelea kukiona kitu ndani ya tundu ndilo linaloongoza.

Hiyo haimaanishi kwamba fimbo lazima ikae chini ya jicho hilo. Wapo ambao hukiona kilichonyooka kikiwa kimenyooka pale tu kidevu kinapokuwa katikati, na wapo ambao fimbo huwa kati ya kidevu na jicho moja. Jaribio la kuaminika ni hili: weka mpira mweupe na wa rangi kwenye mstari mmoja ulionyooka hadi shimo la kona, inama, tia fimbo pale macho yako yanapokwambia ni sawa, kisha mwombe mwenzako asimame nyuma yako atazame. Sogeza kichwa kidogo kushoto na kulia mpaka unachokiona wewe na anachokiona yeye vifanane. Nafasi hiyo ya kichwa ni yako, itunze. Kichwa kikihama, mfumo wowote wa kulenga unageuka kuwa mfumo wa kulenga mahali pengine.

Navaa miwani. Je, inanizuia?

Inaweza kukusumbua, kwa sababu ukiinama kidevu kikiwa karibu na fimbo, macho hutazama kupitia sehemu ya juu kabisa ya kioo, au hupita juu ya fremu. Dennis Taylor wa Ireland Kaskazini alilitatua tatizo hilo kwa miwani yenye vioo vikubwa vilivyoinuliwa juu, na akiwa ameivaa alimshinda Steve Davis kwa michezo 18 kwa 17 katika fainali ya ubingwa wa dunia wa snuka mwaka 1985, mshindi akipatikana kwenye mpira mweusi wa mwisho. Huna haja ya miwani ya aina hiyo. Mweleze mpimaji wa macho jinsi unavyoinama, na uchague fremu iliyo juu na isiyo na ukingo mnene.

Wakati wa kupiga nitazame mpira upi?

Mpira wa rangi, katika mapigo ya kawaida. Hamisha macho kati ya mipira miwili wakati wa kuandaa mkono, kisha tulia, yahamishie kwenye lengo, na uyaache hapo mpaka fimbo imalize mwendo wake. Mapigo ya kufungua mchezo, ya kurusha mpira na yale ambayo mpira mweupe umebanwa ukingoni ni tofauti, na wengi huutazama mweupe.

Naruhusiwa kuweka chaki au alama mezani inisaidie kulenga?

Katika mashindano, hapana. Kuweka alama mezani huhesabiwa kuwa mwenendo usio wa kimichezo. Mazoezini weka unachotaka, mradi usichore juu ya kitambaa cha mwenye meza.

Mifumo hii inasaidia ninapolazimika kupitia ukingoni?

Kwa sehemu tu. Hapo unaingia kwenye hesabu ya vialama vilivyopachikwa kwenye mbao za meza, ambavyo huugawa upande mrefu katika nafasi 8 na upande mfupi katika nafasi 4. Msingi ni wa kioo: mpira huondoka ukingoni kwa pembe inayokaribiana na ile uliyoingia nayo, kwa hiyo ukitaka kuupeleka mpira kwenye ukingo mmoja kisha urudi upande wa pili, unawaza meza ya pili iliyopinduliwa ng'ambo ya ukingo na kulenga taswira ya mpira iliyo humo. Kasi huibana pembe ya kutoka, na mviringiko wa mbele huipanua, ndiyo maana kila meza hupaswa kupimwa kwanza kwa mapigo machache.

Anayetaka kuona kiwango cha juu cha sanaa hii amtafute Efren Reyes wa Ufilipino. Mwaka 1995 huko Reno, Nevada, akicheza na Mmarekani Earl Strickland, alifichiwa mpira wake katika mchezo wa mwisho, akaupitisha mpira mweupe kwenye kingo mbili, akaugonga mpira aliopaswa kuugonga na kuutumbukiza.

Nianze na mfumo upi, na nifanye mazoezi gani?

Ningeanza na nusu mpira, kwa sababu lengo lake linaonekana. Weka mpira wa rangi katikati ya meza, tafuta kwa saa ya ukutani mahali pa mpira mweupe ambapo mkato ni wa nyuzi 30 kwenda shimo la kona, na upige mara 20 bila kubadilisha kitu, kwa kasi moja. Andika kwenye karatasi mipira mingapi imeingia, mingapi imekosa upande wa unene na mingapi upande wa wembamba. Safu hizo mbili za mwisho zina thamani kuliko ya kwanza. Makosa yakigawanyika pande zote, kazi iko kwenye mkono. Yakirundikana upande mmoja, kazi iko kwenye macho, kichwa au ule mvuto wa mipira. Kisha rudia kwa kasi tofauti, uone rundo linavyohama.

Nusu ikishakaa, ongeza robo tatu, baadaye robo. Baada ya hapo rudi kwenye mpira wa kufikirika na ule mfumo wa kuongeza umbali maradufu, uupige mkato uleule kwa kila njia, na uone karatasi inasema nini. Jicho lako litachagua moja, au litachanganya mbili, na hakuna ubaya. Ninachokuomba ni kutobadilisha mfumo katikati ya mechi. Ukikosa mpira mmoja, angalia kwanza kichwa chako kilikuwa wapi, kisha futa mpira mweupe.